Kioo cha Dirisha Kando ya Ngazi: Jinsi ya Kupima, Kuchagua na Kufunga Kioo cha Usalama

Karibu kila anayejenga au kukarabati nyumba yenye ngazi hufika mahali akauliza swali lilelile: je, dirisha lililo kando ya ngazi ni lazima liwe na kioo cha usalama (kioo ambacho kikivunjika hakiachi ncha ndefu za kukata), na kama ni lazima, ni kioo cha aina gani? Majibu anayopewa hugongana. Fundi mmoja humwambia kwamba kila dirisha lazima lihusike, mwingine humwambia kwamba kioo kinene cha kawaida kinatosha, na wa tatu humshauri apime kutoka sakafuni, ushauri ambao ndio unaowapoteza wengi. Mwongozo huu umekusudiwa kukuwezesha kupima mwenyewe, kufikia jibu, kisha kuagiza na kusimamia ufungaji bila kumtegemea kila anayepita.

Shika jambo moja tangu mwanzo: kipimo cha dirisha la ngazi huanzia pale mguu unapokanyaga. Mtu anayejikwaa akiwa kwenye kipandio cha kumi huangukia kioo kilicho mbele ya mapaja yake, hata kama kioo hicho, ukikitazama ukiwa sebuleni, kinaonekana kiko juu kabisa ukutani.

Vipimo tutakavyotumia

Kanuni hutofautiana baina ya nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, thibitisha na ofisi inayotoa vibali vya ujenzi mahali ulipo. Hapa nitatumia zaidi vipimo vya kanuni ya nyumba za makazi inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama IRC, kwa sababu ina kifungu mahususi cha vioo vya kando ya ngazi. Pale inaposaidia, nitataja pia vipimo vya Uingereza.

Kwa IRC, kioo kilicho kando ya ngazi huhesabiwa kuwa mahali pa hatari iwapo ukingo wake wa chini unaoonekana uko chini ya milimita 914 (inchi 36) kutoka usawa wa pale pa kukanyagia. Kwa kioo kilicho karibu na sakafu inayopokea ngazi chini, huongezwa sharti la kuwa ndani ya umbali wa milimita 1,524 (inchi 60) kutoka kipandio cha mwisho. Ukikutana na mwongozo unaotaja inchi 60 kwa kimo cha kioo juu ya vipandio, basi umeandikwa kwa kufuata toleo la 2009 au la kabla yake. Kuanzia toleo la 2012 kimo hicho ni inchi 36. Nadhani nusu ya mabishano baina ya mafundi yanatokana na tofauti hii, kwani kila mmoja ananukuu kitabu cha kweli, ila cha mwaka wake.

Uingereza hutazama zaidi kimo kutoka sakafuni: kioo cha ukutani kilicho chini ya milimita 800, na kioo cha mlango au cha ubavuni mwa mlango kilicho chini ya milimita 1,500, huhesabiwa kuwa mahali pa hatari.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia ya chuma yenye urefu wa angalau mita 3.
- Ubao mwembamba ulionyooka, wenye urefu wa mita 1.5 hadi 2, unaoweza kugusa kingo za vipandio vitatu au zaidi kwa pamoja.
- Pimamaji na timazi.
- Uzi usiovutika na penseli.
- Tochi, kitambaa na maji ya sabuni kwa ajili ya kusafisha pembe za kioo.
- Miwani ya jua ya polaroidi, ukiweza kuazima.
- Daftari. Usiandike vipimo ukutani, kwa sababu mpaka rangi atafika kabla ya fundi vioo.
- Kwa kazi ya kufunga: glavu nene za kuzuia kukatwa, miwani ya kinga, viatu vilivyofunika mguu wote, na msaidizi mmoja.

Onyo: usisimamishe ngazi ya kuegemeza juu ya vipandio ili kufikia dirisha lililo juu. Tumia jukwaa lililotengenezwa kwa ajili ya ngazi za nyumba, au mwachie fundi mwenye vifaa.

Hatua kwa hatua

1. Orodhesha kila kioo kinachohusika. Anza chini, panda taratibu hadi juu, na andika kila kioo kilicho upande wako wa kulia na wa kushoto, pamoja na kilicho mbele yako unapofika kwenye kituo cha katikati ambapo ngazi inakata kona. Rudi ukishuka. Kuna vioo utakavyoviona wakati wa kushuka tu, hasa kile kilicho ukutani mkabala na mwisho wa ngazi, ambacho ndicho mtu aliyeteleza hukielekea kwa kasi kubwa kuliko vyote.

2. Pata mstari wa mteremko. Laza ubao wako juu ya ngazi ili uguse kingo za mbele za vipandio, karibu na ukuta wenye dirisha. Ukingo wa chini wa ubao ndio mstari wa mteremko, nao ndio "sakafu" yako kwa dirisha hilo. Ukiwa na msaidizi, mwambie aushike ubao usiteleze. Ukiwa peke yako, vuta uzi kutoka ukingo wa kipandio cha chini ya dirisha hadi ukingo wa kipandio cha juu yake.

3. Pima wima kutoka mstari huo hadi kwenye kioo. Tumia timazi ili kipimo kisiende mshazari. Pima hadi pale kioo chenyewe kinapoanza kuonekana, wala usiishie kwenye fremu au kizingiti cha dirisha. Kisha pima mara mbili: chini ya pembe iliyo upande wa kushukia, na chini ya pembe iliyo upande wa kupandia.

Hatua hii inastahili mfano, kwa kuwa ndipo makosa mengi hutokea. Chukua ngazi ambayo kila kipandio kina kimo cha sentimita 18 na kina cha sentimita 25. Dirisha lina upana wa mita 1, na ukingo wa chini wa kioo uko sentimita 220 kutoka sakafu ya chini. Pembe ya upande wa kushukia iko juu ya ukingo wa kipandio cha saba, ambao uko sentimita 126 kutoka sakafuni. Kwa hiyo kioo kiko sentimita 94 juu ya mguu, na hapo kimepita kipimo cha sentimita 91.4. Sogea mita 1 hadi pembe ya pili: sasa uko juu ya ukingo wa kipandio cha kumi na moja, sentimita 198 kutoka sakafuni, na kioo kiko sentimita 22 tu juu ya mguu, yaani usawa wa ugoko. Dirisha hilo hilo moja limefaulu upande huu na kushindwa upande ule. Hukumu hufuata pembe iliyoshindwa, na kipande chote cha kioo lazima kiwe cha usalama.

Onyo: aliyepima kutoka sakafu ya chini angeandika sentimita 220 na kwenda zake akiwa ameridhika.

4. Pima umbali wa mlalo. Kutoka ukingo wa pembeni wa vipandio hadi uso wa kioo, pima mlalo kwa msaada wa pimamaji. Ikiwa umbali ni milimita 914 au zaidi, IRC haikihesabu kioo hicho kuwa kando ya ngazi, ingawa huenda kikabanwa na kanuni ya madirisha ya kawaida. Katika nyumba nyingi umbali huu ni sentimita chache tu, kwa hiyo hatua hii utaipita haraka.

5. Chora nusu duara chini ya ngazi. Funga penseli kwenye uzi wenye urefu wa sentimita 152.4, shikilia upande wa pili kwenye ukingo wa kipandio cha mwisho, kisha zungusha mbele ya ngazi, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Rudia kutoka kila mwisho wa kipandio hicho. Kioo chochote kilicho ndani ya eneo hilo na ambacho ukingo wake wa chini uko chini ya milimita 914 kutoka sakafuni kinahitaji kuwa cha usalama. Watu wengi husahau milango ya vioo na vioo vyembamba vya ubavuni mwa mlango wa mbele, ilhali katika ramani nyingi mlango huo ndio unaotazamana na ngazi.

6. Tazama kama kioo kilichopo tayari ni cha usalama. Safisha pembe zote nne na umulike kwa tochi kwa upande. Unatafuta alama ndogo ya kudumu, mara nyingi isiyozidi ukubwa wa sarafu, iliyochomwa, kuchorwa kwa asidi au kupigwa kwa mchanga, yenye jina la mtengenezaji, aina ya kioo na kiwango alichofuata. Katika vioo vya soko la Marekani utaona "16 CFR 1201" pamoja na "CI" au "CII", au "ANSI Z97.1", katika vioo vya Ulaya utaona "EN 12150" kwa kioo cha tempa (kilichoimarishwa kwa joto) au "EN 14449" kwa kioo cha lamineti (vipande viwili vyenye plastiki katikati). Pitisha kucha juu ya alama: ile ya kweli haikwanguki. Stika ya karatasi haikuthibitishii lolote.

Pasipo na alama, vaa miwani ya polaroidi na utazame kioo kikiakisi anga mchana. Kioo cha tempa mara nyingi huonyesha mabaka au mistari ya kivuli iliyojipanga, ambayo hutoka kwenye mkazo wa ndani. Hiyo ni dalili ya kukusaidia kuchunguza, na mkaguzi hawezi kuipokea badala ya alama. Kugonga kioo kwa kidole na kusikiliza mlio, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, hakuthibitishi kitu.

7. Amua njia ya kurekebisha. Unazo njia mbili halali, na ya tatu yenye masharti.

Njia ya kwanza ni kuweka kioo cha usalama. Kioo cha tempa hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi kisha hupozwa ghafla kwa hewa, hivyo huwa na nguvu inayokadiriwa kuwa mara nne ya kioo cha kawaida cha unene uleule, na kikivunjika husagika kuwa punje ndogo zisizo na ncha ndefu. Kioo cha lamineti ni vipande viwili vya kioo vilivyogandishwa kwa tabaka la plastiki katikati. Kikivunjika, vipande hubaki vimeng'ang'ania tabaka hilo. Vyote viwili vinaweza kukidhi kanuni. Hata hivyo, kwa dirisha la ngazi lenye anguko upande wa pili, kama vile dirisha la kituo cha katikati linalotazama nje ya ghorofa, mimi huchagua lamineti bila kusita. Kioo cha tempa kikishapasuka hudondoka chote na kuacha tundu wazi palepale mtu anapoanguka, wakati lamineti hubaki ndani ya fremu na kumzuia. Kama upande wa pili ni kibaraza kilicho usawa uleule, tempa inatosha.

Njia ya pili ni kuweka reli mbele ya kioo. IRC inaikubali iwapo iko kati ya milimita 864 na 965 juu ya pale pa kukanyagia, ina kimo cha angalau milimita 38 ukiikata na kuitazama ubavuni, na inahimili msukumo wa mlalo wa niutoni 730 kwa kila mita, takriban uzito wa kilo 74 kwa mita, bila kujipinda hadi kugusa kioo. Kwa nyumba ambayo ukuta wake tayari una reli ya kushikia inayopita mbele ya dirisha, huenda kazi yote ikawa ni kuongeza vishikio imara.

Njia ya tatu ni vioo vidogo vilivyogawanywa kwa fito. Uingereza inaruhusu vioo vya kawaida vyenye unene usiopungua milimita 6 ikiwa kila kimoja kina upana usiozidi milimita 250 na eneo lisilozidi mita za mraba 0.5. IRC haitoi msamaha wa namna hiyo kwa ngazi: kikomo cha mita za mraba 0.836 ambacho wengi hukinukuu ni cha madirisha ya kawaida, na hakihusiani na kifungu cha ngazi.

8. Chagua daraja la kioo. Kwa kando ya ngazi, agiza daraja la juu la jaribio la kugongwa. Katika mfumo wa Marekani ni "CII", ambapo mfuko wenye uzito wa kilo 45 huachiwa kutoka kimo cha mita 1.2, katika mfumo wa Ulaya wa EN 12600 ni daraja la 1, ambapo uzito wa kilo 50 huachiwa kutoka kimo hichohicho. Kama dirisha ni la vioo viwili vyenye hewa katikati, agiza vyote viwili viwe vya usalama, kwa kuwa anayevunja cha ndani atakifikia cha nje kabla hajajizuia.

9. Pima kwa ajili ya kuagiza. Pima upana wa nafasi ya kioo mahali patatu: juu, katikati na chini. Pima kimo vilevile mahali patatu, kisha pima mishazari yote miwili ili kujua kama fremu imekaa mraba. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, na upunguze milimita 3 hadi 5 kila upande kwa ajili ya nafasi ya kutanuka, au kadiri mtengenezaji wa fremu alivyoelekeza.

Onyo: kioo cha tempa hakikatwi, hakitobolewi wala hakisuguliwi kingo baada ya kutengenezwa, ukijaribu, chote husagika mikononi mwako. Mimi niliwahi kuagiza kimoja baada ya kupima upana mara moja tu, tena upande wa chini. Fremu ilikuwa imebana juu kwa milimita 6. Kioo kilikaa vizuri chini, kikagoma juu, na fundi niliyemwomba akipunguze kidogo alinitazama bila kusema neno, akaanza kukifunga tena kwenye karatasi zake.

Katika oda yako andika wazi aina ya kioo, unene, daraja la jaribio, na sharti kwamba alama ya kudumu iwepo kwenye kila kipande na ibaki ikionekana baada ya kufungwa. Taja ni pembe ipi unayoitaka.

10. Ondoa kioo cha zamani na ufunge kipya. Funga ngazi isipitwe na mtu yeyote wakati wote wa kazi. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwa mistari inayokatana juu ya kioo cha zamani ili vipande visitawanyike, kisha toa vibanio na ukitoe kikiwa kizima kama inawezekana. Safisha mfereji wa fremu kabisa; punje moja ya mchanga au kichwa cha msumari kikigusa ukingo wa kioo cha tempa kinaweza kukivunja miezi kadhaa baadaye. Weka vipande viwili vya mpira mgumu chini, kila kimoja kikiwa umbali wa robo ya upana kutoka pembeni, ukalishe kioo juu yake, na uhakikishe hakigusi chuma wala mbao upande wowote.

Kwa kioo cha lamineti, tumia silikoni isiyo na asidi. Ile inayonuka siki huweza kushambulia tabaka la plastiki kuanzia kingoni. Hakikisha pia matundu ya kutolea maji kwenye fremu hayajazibwa.

11. Kagua na uhifadhi ushahidi. Piga picha ya kila alama ukionyesha dirisha lilipo, na uweke picha hizo pamoja na risiti na cheti cha kioo. Mkaguzi akija, au siku utakapouza nyumba, hutalazimika kupanda ngazi ukitafuta pembe ya kioo kwa tochi.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Kioo ni kipya, lakini alama haionekani.* Huenda imefichwa na kibanio cha fremu. Toa kibanio cha upande mmoja kwa uangalifu na uchungulie. Ikiwa kweli haipo, kirudishe. Kibandiko kinachoweza kubanduliwa kikiwa kizima hakikubaliki, kwa sababu kinaweza kuhamishiwa kioo chochote.

*Kioo cha tempa kimepasuka chenyewe usiku.* Mara nyingi chanzo ni ukingo uliopata jeraha wakati wa kufunga au kugusana na fremu. Mara chache chanzo huwa chembe ya nikeli salfaidi iliyobaki ndani ya kioo tangu kiwandani, ambayo hutanuka polepole. Unapoagiza kingine, omba kilichopitishwa kwenye jaribio la kupashwa joto kiwandani, kwani vioo vingi vyenye chembe hizo huvunjikia huko.

*Kingo za lamineti zimeingia ukungu mweupe au mapovu.* Maji yanasimama ndani ya mfereji wa fremu, au silikoni iliyotumika haifai. Zibua matundu ya maji na ubadilishe silikoni. Ukungu uliokwisha kuingia hautoki, ila kasi ya kuenea itapungua.

*Reli inayumba ukiisukuma.* Vishikio vimefungwa kwenye lipu badala ya kuingia kwenye tofali, zege au nguzo za mbao. Vihamishe. Reli inayogusa kioo ikisukumwa haihesabiwi kuwa kinga.

*Dirisha lina kioo chenye wavu wa waya ndani, nawe uliambiwa ni salama.* Wavu huo uliwekwa kwa ajili ya kushikilia kioo wakati wa moto. Kioo cha waya cha zamani huvunjika kwa pigo dogo kuliko unavyotarajia, na mkono ukipenya, waya huushika pamoja na ncha za kioo wakati mtu anajaribu kuuvuta. Kibadilishe, isipokuwa kama kina alama ya kufaulu jaribio la kugongwa.

*Dirisha linafunguka na liko chini.* Kioo cha usalama hakisaidii kitu dirisha likiwa wazi. Weka kizuizi kinachofanya uwazi usizidi sentimita 10, na ikiwa dirisha hilo pia ndilo njia ya kutokea wakati wa moto, kizuizi kiwe cha kufunguliwa kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo wala kifaa, kwa sababu kioo cha lamineti hakivunjiki kirahisi kwa anayetaka kutoka.

*Umebandika filamu ya plastiki juu ya kioo cha kawaida na mkaguzi ameikataa.* Filamu husaidia kushika vipande, ila hukubalika tu pale ambapo aina hiyo ya filamu imefaulu jaribio ikiwa juu ya kioo cha unene uleule ulio nao, imebandikwa hadi kingoni kama ilivyojaribiwa, na ina alama ya kudumu. Mwombe muuzaji cheti cha jaribio hilo. Asipokuwa nacho, rudi kwenye hatua ya 7 na uchague kati ya reli na kioo kipya.